Sauti ya Nisomee Ipewe Jina la Nani

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, simu zilipokuwa zimeshaingia kila nyumba, kulikuwa na mwanamke wa Tukuyu aitwaye Tumpe. Baba yake alipenda vitabu kuliko chakula, kisha akapofuka. Tumpe alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Akamtengenezea programu ya kumsomea kwa sauti, akaiita Nisomee. Baba akasikiliza, akasikiliza, akalia.

Tumpe akasema, "Wasioona si baba yangu peke yake." Akaiweka Nisomee mtandaoni bure, na ndani yake akaiacha wazi, ili kila ajuaye aone inavyofanya kazi na aitengeneze. Watu wakaja kujitolea, kila mmoja akiwa kwao. Walikutana katika ukumbi wa mtandaoni, na lililoandikwa ukumbini lilisomwa na wote.

Aliyewapita wote kwa ufundi alikuwa Barasa wa Bungoma. Kosa lililowatoa wengine jasho, yeye alilimaliza kabla chai haijapoa. Lakini maneno yake yalikuwa pilipili.

Mwaka mmoja simu zikaja na mfumo mpya, Nisomee ikaugua. Kila ilipofika kwenye ng', ilikatika. Ng'ombe, kimya. King'ora, kimya. Kung'aa, kimya. Na wanafunzi wasioona walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, vitabu vyao vyote vimo humo. Wakaandika ukumbini: Rekebisheni. Mbona hamrekebishi? Mmelala? Barasa akajaribu njia hii, ikashindwa. Akajaribu ile, ikashindwa.

Ndipo akaja mgeni, Ndeshi, mwalimu wa hesabu wa Moshi, aliyejifunza kuandika programu mwenyewe. Likizo yake yote aliimalizia kwenye ile ng'. Akaipata njia, akaileta ukumbini kwa salamu na kwa woga. Barasa akaijibu mbele ya wote:

"Takataka. Vitabu vingine hutumia alama hiyo hiyo ya juu, ile ya ng', kunukuu. Kwa njia hii maneno yote yaliyonukuliwa yatamezwa. Asiyejua kazi asituongezee kazi."

Ndeshi akasoma neno la kwanza, macho yakakataa kwenda mbele. Akaifunga kompyuta. Mama yake akamwuliza, "Mbona huli?" Akasema, "Nimeshiba." Moyoni akaazimia kuifuta kazi yote na asirudi tena.

Sasa, huko Unguja, katika mitaa ya Ng'ambo, aliishi Bi Mize, mwalimu mstaafu asiyeona. Kuandika programu hakujua. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila kilichotengenezwa na kusema alichosikia. Siku ile Nisomee ilimsomea maneno ya Barasa. Sauti ile ile laini iliyomsomea barua za wanawe ndiyo iliyotamka takataka. Bi Mize akaumia kana kwamba ametukanwa yeye. Akamtumia Ndeshi ujumbe wa sauti:

"Ndeshi mwanangu, hujambo? Mimi ni Mize, niko Unguja. Nimeitia kazi yako kwenye simu yangu. Mimi nakaa Ng'ambo, na tangu uje huo mfumo mpya, simu ikifika kwenye jina la kwetu inakata roho. Leo imelitaja. Nikairudisha, ikalitaja tena. Nimecheka peke yangu jikoni. Sasa nakuomba, rudi ukamsome yule bwana mpaka mwisho. Baada ya tusi kuna jambo. Tusi liache pale pale, jambo lichukue."

Ndeshi akausikiliza, akaurudia. Akaifungua kompyuta, akasoma mpaka mwisho, akaona ni kweli: kazi yake ilikuwa na shimo. Akajaribu kuliziba, likamshinda. Akaandika ukumbini, "Ni kweli, nukuu zinamezwa. Nimeshindwa kuziba. Naomba msaada."

Tumpe naye alikuwa ameyaona yote. Angeweza kumkaripia Barasa palepale ukumbini, na wengi wangefurahi. Badala yake akampigia simu.

"Ndugu yangu, u hali gani?"

Barasa akaisukuma kompyuta kando. Kisha akasema, "Unajua, dada, tangu nianze kazi hii hakuna aliyeniuliza hivyo. Natoka kazini nimechoka, nafungua ukumbi, nakuta rekebisha, rekebisha. Hata salamu hakuna."

"Hilo ni kosa langu pia. Nisamehe," Tumpe akasema. "Lakini Ndeshi hakuja kukuamrisha. Alikuja kukupokea mzigo, nawe umemtupia usoni."

"Nimesikia, dada."

Barasa angeweza kumwandikia Ndeshi kwa siri. Lakini aliandika pale pale alipomtukania:

"Ndeshi, niliita kazi yako takataka. Si takataka. Njia hiyo niliitafuta nikaikosa, ukaiona wewe, nikaona wivu. Nakuomba radhi mbele ya wote waliosikia. Shimo lipo. Ukiridhia, tulizibe pamoja."

Siku hiyo Ndeshi hakujibu. Kesho yake akaandika, "Moyo haujapoa. Lakini wanafunzi wanasubiri. Tuanze."

Wakaanza. Barasa akaeleza, Ndeshi akauliza. Ndeshi akakosea, Barasa akaeleza tena, taratibu. Bi Mize akasikiliza kila walichotengeneza, akawaambia panapokwaruza. Mtihani ulipokaribia, Nisomee ikasoma ng'ombe, ikasoma king'ora, na nukuu zote ikazitamka kamili.

Wanafunzi wakaandika, safari hii wakianza na salamu: "Shikamooni nyote. Tunasoma tena. Tunaomba sauti hii ipewe jina la aliyeiokoa, tuwe tunamtaja kila tukiifungua."

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Ndeshi akasema wazi, "Ningependa liwe langu. Njia niliiona mimi, matusi niliyala mimi, na nilipotaka kuifuta kazi Bi Mize akaniita, nikarudi."

Waliomjua Barasa wakasema, "Njia yenye shimo ingeiua Nisomee. Shimo aliliona yeye, kuliziba alifundisha yeye. Na kuomba radhi hadharani, wangapi wanaweza?" Barasa mwenyewe akasema tu, "Msiniweke mahali ambapo Ndeshi atanisikia kila siku, kama hapendi."

Wasioona wakasema, "Bila Bi Mize kazi ingefutwa, na lisingekuwapo hata shimo la kuziba." Bi Mize akasema, "Mimi nilisema neno moja tu."

Mmoja, aliyesimuliwa na Barasa ile simu, akauliza, "Na Tumpe je? Angekaripia ukumbini, Barasa angeondoka na ujuzi wake." Tumpe akajibu, "Mimi nilichelewa kuuliza hali."

Sauti inasubiri jina, na jina ni moja tu. Nyinyi mlionisikiliza, mngemwandika nani? Aliyeiona njia akarudi na jeraha lake, aliyeziba shimo akaomba radhi kwa tusi lake, aliyemwita mwenzake arudi, au aliyeuliza, "U hali gani?" Je, nani alistahili?