Kondoo wa Bi Nyima na Wachezaji Watatu

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana mpira ulikuwa tayari unaonyeshwa kwenye televisheni, kulikuwa na nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Ndogo kweli: ikitajwa timu ya taifa, nusu ya watu wana mpwa wao humo. Haikuwahi kufuzu Kombe la Afrika.

Mechi ya mwisho ya kufuzu ikaangukia siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Bi Nyima, mkuu wa wauza samaki, akaahidi kondoo dume mweupe: "Ni wa atakayetufikisha Kombe la Afrika." Na kule kondoo wa Idi hufungwa mlangoni, mtaa mzima upite umtazame. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Dakika ya themanini na tisa hakuna bao, na sare haitoshi. Wapinzani wakapiga, mpira unaelekea kuingia golini mwa nchi ile ndogo. Beki Sainey akauzuia kwa mkono. Kadi nyekundu, penalti. Kipa Kebba akaidaka penalti, akaupiga mpira mbele. Mshambuliaji Ansu akaukimbilia, akarusha mguu, akaukosa; mpira ukamgonga goti, ukaingia. Moja bila. Sokoni samaki wakaachiwa paka.

Kesho yake watatu wakafika kwa Bi Nyima, kila mmoja na kamba yake.

Sainey akasema, "Bila mkono wangu tungefungwa. Na mechi ya kwanza ya Kombe nitaitazama nimeketi jukwaani."

Kebba akasema, "Mkono wako ulileta penalti, kaka. Wangu uliifuta."

Ansu akasema, "Nyinyi mlizuia. Kuzuia ni sare, na sare ingetubakiza nyumbani. Aliyefunga nani?"

"Goti lako," Kebba akamjibu. "Wewe mwenyewe ulikuwa umeshaanza kuanguka."

"Basi kondoo apewe goti. Mimi nitalisindikiza."

Soko zima likacheka. Bi Nyima akacheka mpaka akakalia kapu la samaki, lakini kondoo hakumpa yeyote.

"Sainey, mwanangu, niambie kweli. Ulifanya kosa au ulituokoa?"

"Vyote viwili, mama."

Sasa asinyanyuke mtu hapa kuniambia wamchinje wagawane. Nyama hata mimi nitakula. Mimi nauliza mlango. Kondoo mmoja, milango mitatu. Nijibuni bila kuzungukazunguka: aliyevunja sheria, aliyedaka, au aliyefunga kwa goti, kondoo afungwe mlangoni kwa nani?