Vigae vya Nakijwa

Kabla milima hii ya Upare haijatuzoea, alizaliwa Mrindoko Mvunja Majabali, baba wa ukoo wetu, mwana wa Kizigo, mjukuu wa Sengondo. Ndiye aliyewapandisha watu wake huku wakikimbia njaa, ndiye aliyechimba mfereji kutoka chemchemi ya juu mpaka jabali likamzuia njia. Alilipiga kwa nyundo hadi viganja vikachanika, na huku chini watoto walilamba umande kwenye majani ya migomba.

Ndipo akapita Nakijwa, mfinyanzi, mgeni asiye na ndugu, akienda kubadilisha vyungu vyake kwa chakula. Kwanza alimnywesha Mrindoko maji, akamfunga viganja kwa jani laini. Hakumwuliza yeye ni nani. Kisha akacheka kidogo.

"Kaka, jabali halichapwi kama mbuzi mkaidi. Lipike."

Wakaliwashia moto mpaka likawa jekundu. Kwa kuwa joto halikumruhusu mtu kusogea, Nakijwa alivirusha vyungu vyake vikiwa vimejaa maji ya baridi, kimoja baada ya kingine, vikavunjika, akabakiwa na kimoja. Jabali likapasuka, maji yakapita.

Lakini mwiko wa mababu ulimkataza mwanamke kufika kichwani mwa mfereji, huko juu penye chemchemi na jabali. Wawili hao waliposhuka, wazee wakauliza, "Nani amelipasua?" Mrindoko aliogopa mfereji usije ukafukiwa kwa mwiko kuvunjwa, na sifa nazo alizipenda. Akajibu, "Mimi."

Nakijwa alikuwa amesimama palepale. Aliwachotea watoto maji kwa chungu kile kilichosalia, akawaachia, akaondoka mikono mitupu.

Mrindoko akazeeka huku akiimbwa. Siku moja, watu wakizibua tope la mfereji huku mashambani, mjukuu wake Namkunda aliokota vigae vilivyosombwa na maji.

"Babu, kwetu hakuna mfinyanzi. Hivi ni vya nani?"

"Vya zamani."

"Zamani ya nani?"

Watu wakaangua kicheko. "Mjibu, Mvunja Majabali! Au jabali hili limekushinda?"

Mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa mbele ya mtoto yule, akasema yote, na sauti yake haikufika mbali. Kisha akatamka: "Mtoto anayeuliza asili yake asidanganywe tena. Jina la Nakijwa litangulie langu." Akakichukua kile chungu alichokiacha Nakijwa, akashuka mlima kumtafuta mwenyewe. Hakuonekana tena.

Ndiyo maana, wanangu, hatufungulii maji mpaka binti mdogo apande hadi kichwani mwa mfereji, kigae mkononi, aulize ni cha nani. Nasi wakubwa humjibu tukiwa tumeinama. Ukoo wa Mrindoko tunautaja hadi kwa babu yake. Wa Nakijwa unakomea kwenye jina lake tu, kwa kuwa siku ile aliyotunywesha, hakuna aliyemwuliza yeye ni binti wa nani.