Kijinga Kimoja cha Moto

Hapo zamani, wanaume wa Itumbwe walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo hadi pwani, kulikuwa na mwiko: moto wa jikoni kwa msafiri hauzimwi mpaka arudi. Ukizimika, msafiri hupatwa na balaa. Na kuuomba upya kwa jirani ni kubaya zaidi, kwa maana moto wa kuazima humpeleka msafiri nyumba za watu.

Mihayo alipoondoka, moto aliachiwa mkewe, Kalunde. Alikuwa mwanamke wa kucheka, wa kupenda ngoma na, tusimpambe, wa kupenda kusifiwa. Mvua ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Kijiji cha jirani kulikuwa na mpiga zeze. Mnajua tena. Jioni moja Kalunde aliaga anakwenda kuokota kuni, akarudi asubuhi bila hata kijiti. Nyie mnaocheka huko nyuma, ngojeni kwanza.

Nyamizi, dada mdogo wa Mihayo, alikuwa ameamka akakuta majivu ya baridi. Akamhofia kaka yake. Akachukua kigae, akaenda kuomba makaa kwa jirani. Kalunde alipoingia, moto ulikuwa unawaka.

"Wifi, umelala wapi?"

"Usiniulize."

"Basi nawe usiniulize moto huu umetoka wapi."

Tangu siku ile Kalunde hakupata raha. Mbwa akibweka, moyo wake unaruka. Watu wakinong'ona kisimani, anadhani wanamsema yeye. Alimwomba Mungu mumewe arudi salama, kisha akaogopa kurudi kwake.

Wapagazi wakarudi. Mihayo alikuwa amebebwa kwenye machela, mguu mmoja hana. Vilio vikapaa, na jirani akapayuka mbele ya watu: "Nyamizi aliniomba makaa!"

"Ni kweli," Nyamizi akasema, akainamisha kichwa. Jina la wifi yake hakulitaja.

Mvunja mwiko hufukuzwa kwenye ukoo. Wakaukunja mkeka wa Nyamizi, Kalunde akanyamaza. Wakaufunga kamba, akanyamaza. Wakamtwika kichwani, akanyamaza. Binti alipofika langoni ndipo Kalunde akapiga ukelele:

"Mrudisheni! Moto ulizimika kwa ajili yangu. Nililala kwa mwanamume."

Watu wakashika vinywa. Mihayo akajiinua kwenye machela.

"Basi na mimi niseme. Mguu huu sikukatwa na wanyang'anyi, kama mnavyodhani. Ni panga la mume wa mtu, alinikuta kwake. Na kumwendea mkewe nilianza mvua ya kwanza, moto wenu ungali unawaka."

Hapo akasimama Shangazi Wande, dada wa baba yake Mihayo, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule. Akaingia jikoni, akaumwagia moto ule maji, akabakiza kijinga kimoja kinachowaka, akatoka nacho mkononi. Ndiyo desturi: walioharibu moto, pamoja na msafiri aliyekwenda kwa mke wa mtu, hutoka wote, isipokuwa mmoja anayekabidhiwa kijinga awashe moto mpya. Huruma ya ukoo ni moja, haigawanywi.

"Semeni," akasema.

Mihayo akasema: "Shangazi, nimerudi kilema. Nikitoka langoni nitafia porini. Na ningewasingizia wanyang'anyi, mngeniamini."

Nyamizi akasema: "Shangazi, mimi sikumtamani mtu. Nilivunja mwiko nikijua, ila niliogopa kaka asife. Nikanyamaza ili wifi asiaibike."

Kalunde akapiga magoti. Kwao walikwisha kufa wote, hakuwa na pa kwenda.

"Shangazi, sina la kujipamba. Nilikwenda kwa kupenda kwangu. Nikamwacha huyu atwikwe mkeka niliostahili kutwikwa mimi. Lakini hakuna aliyenitaja, na hakuna ambaye angenitaja. Nimejitaja mwenyewe."

Shangazi Wande akamtazama mpwa wake kilema. Akamtazama binti mwenye mkeka kichwani. Akamtazama Kalunde, akakawia. Kalunde hakuthubutu kumwangalia usoni, alikiangalia kijinga tu. Kilikuwa kinaungua kuelekea vidoleni mwa mama yule, na kikizimika hakuna atakayebaki.

Haya, wenzangu, semeni upesi, mkono unaungua: je, nani alistahili kukabidhiwa?