Misuko ya Namweta

Sogeeni, ngano inapita!
— Ipite kwetu, ilale kwetu!

Hapo kale, milima ilipokuwa bado inasinzia ndani ya ukungu, aliishi Bi Kaluse na mwanawe Shemboza na mkwewe Namweta. Mkwe? Alimpenda kama aliyemzaa. Asubuhi moja alimsuka nywele, mistari myembamba, ya kupendeza. Siku hiyo hiyo mume na mke wakavuka mto juu ya gogo. Gogo likabiringika. Wakaopolewa wamekufa, wameshikana mikono, wakazikwa kaburi moja. Jamani, inauma!

Matanga hayajaisha, huyo Kilua, kaka yake Namweta.

"Mama, mila yasema, wawili wakifa pamoja, mkubwa hutangulia. Shemboza ndiye mkubwa, basi alikufa kwanza. Dada yangu akamrithi, hata kama ni kwa pumzi moja tu. Na mimi namrithi dada. Nyumba ya Shemboza sasa ni yangu, hama."

Ahamie wapi, ajuza yule? Akalia, akalala, akaota. Akawaona ng'ambo ya mto, wanatembea ukunguni. "Wanangu, nani alitangulia?" Wakazidi kwenda. Akalala tena, akauliza tena. Wakazidi kwenda. Mara ya tatu Namweta akageuka, akagusa misuko yake, akacheka.

Bibi akaamka, mguu mosi mguu pili, hadi kwa jumbe. Watu wakakusanyika.

"Kilua mwanangu, dada yako alibaki mjane?"

"Alibaki mjane, mama. Kwa pumzi moja."

"Mjane wa kwetu akifa hunyolewa, akazikwa kwao. Nani alimnyoa Namweta? Nani alisema kilima cha kwenda kwenu ni kirefu, tumzike hapa hapa na mumewe? Ni wewe. Ukashika jembe, ukamfukia na misuko yake. Ulimzika mke, baba. Mjane hukumzika."

Watu wakaguna. Mnaona uvivu wa miguu? Njia ya mwongo ni fupi!

Jumbe akasema, "Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki, hakuna aliyemrithi mwenzake. Vya Shemboza ni vya mama yake. Vya Namweta ni vya kaka yake."

Kilua akapewa vyungu viwili na mbuzi, akakipanda kile kile kilima alichokikwepa.

Bi Kaluse akarudi nyumbani kwake. Usingizi ulipomchukua, Namweta akaja, akaketi chini, kati ya magoti yake.

"Mama, nywele zimefumuka. Nisuke tena."

Akamsuka polepole, akiogopa kuamka.

Ngano nimeifunga fundo hapa. Mwenye vidole na aifumue.