Swichi Chini ya Kiti

Mtu mmoja alikuwa na gari, na gari lile lilikuwa na swichi ya siri. Mtu mwenyewe aliitwa Yeremia Mkumbo, mtunza ghala la alizeti. Swichi aliifunga kwa mkono wake mwaka ule magari mawili yalipoibwa mtaani kwao, akaificha chini ya kiti cha abiria, ndani ya zulia. Ikizimwa, umeme haufiki kwenye injini. Hata ukiwa na ufunguo utazungusha mpaka uchoke. Kila safari aliiwasha kabla mtu hajapanda, na hakumwonyesha yeyote. Hata mkewe Rusia hakuonyeshwa, maana Yeremia alisema moyoni kwamba siri wakiijua wawili si siri tena.

Miaka ikapita, Rusia akaugua figo. Kila Jumatano na Jumamosi ilibidi apelekwe hospitali ya mkoa kusafishwa damu, mwendo wa saa nzima. Daktari aliwaambia waziwazi: akikosa mara mbili mfululizo, maji yatamjaa mapafuni na atakufa. Basi hapo ndipo gari lilipoanza vituko. Lilizima mlimani. Lilizima getini hata kabla ya kutoka. Siku nyingine starta inalia vizuri, injini haiwaki ng'o.

Yeremia akalipeleka kwa fundi umeme. Fundi akapiga ufunguo, likawaka. Akazunguka nalo mitaa mitatu, limetulia kama kondoo. Akasema haoni ubovu. Yeremia akasadiki kwamba fundi ameshamwibia kitu garini. Akaenda kwa fundi wa pili asimtajie wa kwanza, kama mfanyavyo wengi wenu mnaonisikiliza hapa. Wa tatu akabadilisha koili, wa nne plagi na betri. Wote aliwasimamia kichwani, macho hayabanduki mikononi mwao. Habari ya swichi hakuigusa, kwa kuwa fundi anayeijua ndiye atakayerudi kuiba. Alishuku mafundi, akashuku mafuta ya kituo, akamshuku jirani yake Gwau, aliyempa Rusia lifti walipokwama mara ya kwanza. Kitu kimoja tu hakukishuku, nacho ni kile alichokifunga yeye.

Kisha akaanza kukumbuka siku moja moja. Akiwa peke yake, gari halizimi. Linazima akiwamo Rusia. Akajiambia, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia hapo akawa anamtazama mkewe kwa pembeni, anasikiliza simu zake mlangoni, anajiuliza ni nani amemtuma. Mwanamke miguu imevimba, hata ngazi mbili hazipandi, na mumewe anamchungulia! Inauma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ikafika Jumatano moja, Rusia akiwa ameshakosa Jumamosi iliyotangulia. Gari likazima karibu na gereji ya Fundi Bakiri. Bakiri akaketi peke yake ndani, akaliwasha, likawaka, akasema ni zima. Yeremia akamwita mwongo kama wenzake. Walipopanda tena likazima palepale. Rusia pumzi inamkata. Akashuka kwenye kiti, akainama, akakunja zulia.

"Baba Elia, swichi yako hii hapa. Nimeikalia miaka mitatu nikingoja uniambie."

Fundi akainama kutazama. Springi za kiti zilikuwa zimelegea, na kila Rusia alipokaa zilibana waya wa swichi, umeme ukakatika. Akaunga waya, akauzungushia utepe, akausogeza pembeni. Kazi ya dakika tano. Gari likawaka na Rusia amekaa, wakafika hospitali angali hai.

Mtadhani Yeremia alishukuru. Njia nzima aliwaza jambo moja: nani alimwambia? Rusia alimweleza kwamba aliigusa kwa kisigino wiki ileile ilipofungwa. Hakuamini. Ijumaa akaenda na gari mji wa jirani, kwa fundi asiyemjua, akahamishiwa swichi.

Jumamosi asubuhi gari liliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Rusia akatoka na mfuko wake wa hospitali, akamuuliza swichi imehamia wapi. Akamjibu kwamba hakuna swichi tena. Rusia akavuka barabara taratibu kwa ile miguu yake, akapanda gari la Gwau. Yeremia akabaki ameshika usukani, injini inanguruma vizuri kabisa.

Ninyi mnaosema gari lake lilipona, niambieni: sasa alikuwa anampeleka nani?