Pensheni Ambayo Mtu wa Pampu Hakwenda Kuidai

Wapendwa, kaeni. Nyie mliopo nje chini ya turubai, mnanisikia? Basi sogezeni mabenchi kidogo. Leo nina mfano wa mzee mmoja na pensheni yake.

Kulikuwa na mji mdogo chini ya milima, na mji ule wote ulikunywa maji ya pampu moja. Pampu ilikuwa na mtu wake. Tumwite Mzee Eliewaha. Jina nimempa mimi, msimtafute. Kwa miaka thelathini na moja aliiwasha alfajiri, akaizima tangi likijaa, akaifuta na kuipaka mafuta kama mama anavyompaka mtoto. Mkuu wake wa kazi alimwamini kuliko saa ya ukutani.

Siku moja mchana, baada ya kula, usingizi ukamchukua. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kwa wiki tatu alikuwa anafanya zamu mbili, ya kwake na ya mwenzake aliyehamishwa. Alipoamka, chumba kimejaa moshi. Mota imeungua. Mji ule ulikaa siku tisa bila maji. Hospitali ilichota mtoni. Wajawazito walipanda mlima na ndoo kichwani.

Mzee hakungoja kuitwa. Aliweka funguo juu ya meza ya mkuu wake, mkuu mwenyewe hayupo, akapanda kwenda kijijini kwake, kule juu kabisa. Kwa mkewe, Nakijwa, akasema tu kwamba amestaafu mapema. Kesho yake akanunua nyundo, akaanza kugonga kokoto.

Hivi kuna mtu hapa amewahi kugonga kokoto kwa riziki? Namwona mama mmoja ananyoosha mkono. Basi wewe unajua mgongo unavyosema jioni.

Akatimiza miaka sitini. Majirani waliokuwa watumishi wa serikali wakaanza kupokea pensheni zao. Nakijwa akamwuliza, "Baba Tumsifu, na wewe si zamu yako? Huendi kudai?"

"Nitakwenda mwakani," akasema. "Pensheni ukiichelewesha inanenepa."

Mwakani ikafika, akasema mwakani. Na iliyofuata hivyo hivyo. Watu wakamsifu kwa subira. Kumbe haikuwa subira.

Alipokuwa na miaka sitini na saba, goti lake likagoma. Mkewe alimkuta mchana ameketi katikati ya kokoto, nyundo imemponyoka, hawezi kuinuka. Mama yule hakumwinua. Alikaa chini pale pale kwenye mawe, pembeni yake.

"Baba Tumsifu," akasema, "mimi sikusoma sana, lakini mwakani zako nimezihesabu. Hii ni ya saba. Kule mjini kuna nini?"

Hapo mzee akasema yote. Usingizi, moshi, siku tisa. "Niliwanyima watu maji, mke wangu. Jina langu walishalifuta. Nikienda pale watafungua faili, watanisomea mbele za watu. Pengine watanifunga."

Mnadhani mama alisema nini? Alisema, "Miaka kumi na moja umelala na jambo hili, na mimi nipo hapo hapo kitandani?" Akachukua ncha ya kanga yake, akamfuta vumbi mikononi, kidole kwa kidole. "Kesho vaa koti. Kama ni kufukuzwa, watufukuze wawili."

Wakateremka. Ofisini walimkuta dada mmoja mwenye miwani. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Karibuni mkae." Akachukua jina, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa benchi kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Dada akarudi na faili. Akaisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akasema taratibu, "Baba, mbona sisi ndio tulikuwa tunakutafuta?"

Akaigeuza faili ili mzee asome mwenyewe. Ndani kulikuwa na barua ya mkuu wake wa kazi, imeandikwa siku nne tu baada ya mota kuungua. Ilisema hivi: "Ni kweli alilala kazini. Lakini zile zamu mbili nilimpangia mimi. Kosa hili limesamehewa. Utumishi wake uhesabiwe kamili hadi umri wa kustaafu, na akifika alipwe haki yake yote."

"Nakala ilitumwa kijijini kwako mara mbili," dada akasema. "Hukuipata?"

Aliipata. Ndugu zangu, aliipata mara zote mbili! Alipoona muhuri wa ofisi juu ya bahasha, aliitia motoni bila kuifungua. Alichoma msamaha wake akidhani anachoma hukumu.

Nakijwa akauliza, "Mwanangu, na hii miaka saba iliyopita, je?"

Dada akavua miwani. "Mama, taratibu zetu zinaturuhusu kurudi nyuma mwaka mmoja tu. Ile sita ya kwanza siwezi kuigusa. Mniwie radhi."

"Mwaka mmoja ni mwingi," mama akasema. "Jana hatukuwa na hata huo."

Sasa mfano huu ungeishia hapa ningefunga, tungeimba, tungekwenda nyumbani tumefurahi. Lakini mzee hakuinuka. Alikuwa bado anaitazama ile saini chini ya barua.

"Huyu aliyeandika," akauliza, "yuko wapi nikamshukuru?"

"Alifariki mwaka juzi, baba. Mjane wake yupo, nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta."

Wakaenda. Mama mmoja mwembamba akafungua mlango. Mzee akavua kofia. "Mama, samahani, mimi ndiye yule..."

"Wewe ni mtu wa pampu," mjane akasema. "Wenzako wote wa kazini walishakuja kunipa pole. Aliyebaki ni wewe."

Akawaketisha. Akaanza kueleza, polepole, kama mtu aliyeyatunza maneno muda mrefu. "Mume wangu alikungoja sana. Pikipiki yoyote ikisimama hapo nje, alinyanyua kichwa. 'Hebu chungulia, si yule wa pampu?' Barua zake hukujibu, akajua una hasira naye."

"Mimi? Hasira?"

"Alisema, 'Nilimpa kazi ya watu wawili, kisha nikamwacha abebe aibu peke yake. Akija, mimi ndiye nitakayeomba radhi.'"

Mzee akauliza kwa sauti ndogo sana, "Sasa mbona hakupanda kuja kwangu?"

"Aliogopa," mjane akasema. "Aliogopa utamfukuza."

Mzee Eliewaha akalia. Si kwa ajili ya miaka sita ya pensheni. Hiyo hakuikumbuka kabisa. Wale mama wawili wakakaa kila mmoja upande wake, wakamwachia alie mpaka alipomaliza. Kisha mjane akaenda kuchemsha chai.

Sasa nawauliza ninyi. Kati ya nyumba ile na kijiji kile ni mwendo wa asubuhi moja tu. Watu wawili, hakuna mwenye hasira na mwenzake, kila mmoja anamwogopa mwenzake, na miaka tisa inapita. Nani aliwazuia? Serikali? Adui? Hakuna. Kila mmoja alijisomea hukumu ambayo hakuna aliyeiandika.

Na sisi je? Sisi ambao kila Jumapili tunaimba kwamba tumesamehewa, halafu Jumatatu tunaishi kama wakimbizi? Mungu anakuita, wewe unaona muhuri tu, unaitia motoni. Unasema mwakani. Unasema nikiwa mtu mzuri kidogo nitakwenda. Nani kakudanganya kwamba msamaha wa Mungu ukiuchelewesha unanenepa? Msamaha ni ule ule. Wewe ndiye unayekonda.

Na baba yako uliyekorofishana naye shambani? Na dada yako ambaye hujampigia simu tangu msiba wa mama? Una hakika gani kwamba ana hasira? Ulimwuliza? Au na yeye ananyanyua kichwa kila pikipiki inaposimama?

Pesa ina ofisi inayoweza kuirudisha nyuma, japo mwaka mmoja. Mtu akishazikwa, wapendwa, hakuna dirisha la kupanga foleni.

Kwa hiyo leo sitawaambia mkae mpaka mwisho. Wimbo wa mwisho ataongoza mzee wa kanisa. Mwenye mtu wake wa kumwendea, ainuke sasa hivi, atoke, hatutamhesabu mtoro. Na mkiniona mimi mwenyewe navua joho na kuelekea mlangoni, msishangae. Nina ndugu yangu ng'ambo ya mto. Ni miaka minne sasa.