Safu ya Maelezo

Mtu mmoja aliajiriwa na serikali kupima mvua. Jina lake Ndahani, na watu wa kijiji cha bondeni walimwita Bwana Mvua, kwa utani, maana nchi yao ni kame na mwenye cheo hicho hachoki sana. Aliishi na mkewe juu ya kilima penye kituo, mwendo wa saa nzima kutoka kijijini. Kila siku saa tatu asubuhi alimimina maji ya chombo cha mvua kwenye chupa ya kupimia, akasoma, akaandika tarakimu daftarini. Kando ya tarakimu palikuwa na safu nyingine, na juu yake limechapwa neno Maelezo. Hiyo hakuwahi kuiandika. Waliomtangulia waliiacha tupu, naye akaiacha tupu. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakukosa kupima hata siku moja. Alipima akiwa na homa. Alipima asubuhi ya mazishi ya baba yake, ndipo akaenda kuzika.

Ukaja mwaka ambao mvua ilikatika wakati mtama unataka kutoa masuke. Wingu lilikuja mara tatu, na mara zote tatu liliishia kilimani. Ndahani alipima maji mengi. Akiwa mlangoni kwake aliliona bonde likitimka vumbi, akasikia uchungu, kisha akaandika tarakimu zake kama kawaida. Daftari lilipofika wilayani, wakubwa walisoma kwamba kijiji kile kimepata mvua ya kutosha, wakakiondoa katika orodha ya chakula cha msaada. Watu wakaanza kula mlenda bila ugali, na baadaye mizizi.

Kijiji kililalamika, na wachunguzi watatu wakatumwa. Walikaa katika ofisi ya kijiji kwa muda wa kunywa chai mara mbili, wakamuuliza kila aliyeitwa swali moja, kama shambani kwake mvua ilinyesha. Kila mmoja akajibu haikunyesha, na kila mmoja alisema kweli. Ndahani naye aliitwa kwa simu, afike saa tatu. Saa tatu ndiyo saa ya kupima. Akapima kwanza, kisha akashuka mbio, akakuta gari limeshaondoka. Asiyekuwepo na lake halipo.

Taarifa ilipotoka alipewa nakala. Ukurasa wa tisa ulisema hivi: mtumishi huyu hakupima, aliandika tarakimu za kubuni akiwa amekaa nyumbani, na alipoitwa ajieleze alikaidi. Wakapendekeza afukuzwe. Ndahani aliusoma ukurasa ule mpaka karatasi ikalegea mikononi. Kufukuzwa kulimuuma, lakini kilichomnyima usingizi ni lile neno kubuni. Mkewe alimsihi aombe radhi tu, huenda wakamwonea huruma. Akasema hawezi kuomba radhi kwa kosa la kutungiwa, na akakata rufaa.

Wakati rufaa inangoja, chakula nacho kilingoja. Maana wilayani walikuwa wameshaamua kwamba mambo ni mawili tu. Taarifa ikisimama, Ndahani ni mwongo na kijiji kitalishwa. Taarifa ikianguka, tarakimu ni za kweli na kijiji hakina njaa. Watu wenye elimu zao walikaa mezani na hesabu hiyo, wala hakuna aliyeinua macho kutazama kilima.

Siku ya kusikilizwa, Ndahani alisimama na madaftari yake ya miaka kumi na tisa. Hakupaza sauti. Aliwauliza wachunguzi mmoja mmoja kama alikanyaga kituoni, kama alikiona chombo, kama aliifungua chupa. Wote watatu walijibu hapana. Akawaambia kwamba wameandika habari za kilimani bila kupanda kilima. Mwenyekiti wa kikao akaita shahidi wa mwisho, bibi mmoja mkulima aitwaye Mbeleje, ambaye nyumbani kwake wajukuu wawili walikuwa hawawezi tena kusimama. Akamuuliza kama kilimani mvua ilinyesha.

Bibi Mbeleje alikuwa na kila sababu ya kusema haikunyesha. Akasema ilinyesha. Alisema alikiona kilima kikiwa cheusi mara tatu, naye amesimama katika mtama unaokauka, na kwamba wachunguzi hawakumuuliza habari za kilima. Ndipo akamgeukia Ndahani, ambaye maneno hayo yalikuwa yamemwokoa sasa hivi.

“Mwanangu, hawa waliandika habari zako bila kupanda. Nawe uliandika habari zetu bila kushuka.”

Akarudi kukaa.

Rufaa ilikubaliwa. Ukurasa wa tisa ulifutwa, na Ndahani akaletewa taarifa iliyosahihishwa ili aweke saini. Alikuwa ameshinda. Miezi mitano aliingoja karatasi ile, na sasa iko mbele yake, safi, jina lake halina doa. Chini ya mahali pa saini palikuwa na mistari mitupu, na juu ya mistari limechapwa neno lilelile alilolipita kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko ile ya kuitwa mwongo, kwa kuwa hii ilikuwa yake kweli.

Akaandika: Tarakimu ni sahihi kwa kilima. Bondeni haikunyesha. Niliona vumbi, nikaacha safu tupu.

Karani akamnong'oneza kwamba akiyaacha maneno hayo anajishitaki mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Ndahani akamjibu kwamba anajua, akatia saini.

Alipewa onyo kali, likawekwa katika jalada lake, na halijatolewa mpaka leo. Kijiji kilirudishwa kwenye orodha, na mahindi yakafika baada ya wiki tatu. Mjukuu mmoja wa Bibi Mbeleje aliyala. Mwingine hakuyawahi. Ndahani alikwenda kuzika, na safari hii alishuka kabla ya saa ya kupima, na katika daftari la siku ile pana nafasi tupu, na kando yake, katika safu ya maelezo, pana jina la mtoto.

Nanyi mnaokuja kwangu mimi ninayesimulia haya, na karatasi mkononi, mkilia kwamba mmeandikwa vibaya, huenda kweli mmeandikwa vibaya, na ni haki yenu kudai. Lakini niambieni: ni vumbi la nani mnaliona kila siku kutoka mlangoni kwenu, na safu yake bado ni tupu?